Nakala Moja Si Akiba

Katika siku hizi kompyuta zimeingia hata vijijini kwetu. Karani wa ushirika anayo, mwalimu mkuu anayo, mwenye duka la dawa anayo, na mzee wa kanisa aandikaye daftari la ubatizo naye ameanza kuiacha kalamu. Jambo hili ni jema, wala siandiki kulilaumu. Walakini naona kwamba wengi wetu tumejifunza kuandika katika vyombo hivi kabla ya kujifunza kuyatunza yale tuliyoyaandika. Mimi mwenyewe nalikuwa mmoja wao, na mafunzo yangu yalinigharimu kitu kisichonunuliwa dukani. Ndiyo sababu nimeona yafaa nieleze habari yake tangu mwanzo, ili mwenzangu ajifunze kwa hasara yangu, asingoje ya kwake.

Mimi ni mwalimu katika shule ya sekondari ya kata, huku Ugogo, mkoa wa Dodoma. Nchi yetu mwaijua: mvua ni chache, na wakati wa kiangazi upepo huvuma na vumbi jekundu, likaingia katika chakula, katika macho, na katika kila tundu la kila chombo. Shule ilipopata kompyuta ya mezani, nalikabidhiwa mimi, kwa kuwa nalikuwa kijana kuliko walimu wengine, na chuoni nalikuwa nimejifunza kidogo kazi hiyo. Nikaingiza humo majina ya wanafunzi, alama zao za kila muhula, hesabu ya vitabu na madawati, na barua zote. Hata baada ya miaka minne, karibu habari zote za shule zilikuwa ndani ya sanduku lile lililokaa chini ya meza yangu.

Alikuwapo mwalimu mmoja mwanamke, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, nasi sote twalimwita Mama. Yeye hakuliacha daftari lake la karatasi. Kila Ijumaa alinakili alama za madarasa yake kwa kalamu ya wino, ukurasa kwa ukurasa. Siku moja nalimtania, nikasema, “Mama, wajichosha bure. Kompyuta haisahau.” Akanitazama juu ya miwani yake, akasema, “Mwanangu, mali bila daftari hupotea bila habari.” Nikacheka, nikamjibu kwamba daftari lenyewe ndilo hilo sanduku. Hakusema neno tena, akaendelea na kazi yake.

Ndani ya kompyuta ile palikuwa na kitu kingine kisichokuwa cha shule. Mwaka 2015, wakati wa likizo, nalikwenda nyumbani, nikakaa na baba yangu jioni sita, nikayarekodi maneno yake kwa simu. Jioni ya kwanza alitaja wazee wa ukoo wetu, mmoja baada ya mwingine, hata wa kumi na moja. Jioni ya pili alieleza habari za Mtunya, ile njaa kuu iliyoiangamiza Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, kama alivyoisikia kwa baba yake: jinsi majeshi ya Wajerumani, na kisha ya Waingereza, yalivyochukua ng’ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa kunyesha. Jioni nyingine alieleza jinsi walivyohamishwa katika Operesheni Dodoma mwaka 1971, wakaiacha tembe yao na mbuyu uliokuwa nyuma yake. Jioni ya mwisho hakusema mengi, alipiga zeze. Simu yangu ilipojaa, nalizihamisha sauti zote sita katika kompyuta ya shule, maana nyumbani sikuwa na chombo kingine, kisha nikazifuta katika simu. Baba yangu alifariki mwaka 2017.

Mwezi wa Agosti mwaka 2019 kompyuta ilianza kuwa nzito. Faili iliyozoea kufunguka mara moja ikachukua dakika nzima. Kisha nikasikia mlio ndani ya sanduku: tik, tik, tik, kama mtu agongaye ukucha juu ya sahani. Nalidhani ni vumbi. Nikapuliza, mlio ukanyamaza siku mbili, nikafurahi. Hata asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba umeme ulikatika na kurudi mara tatu kwa muda mfupi. Nilipoiwasha kompyuta, ikaandika maneno machache ya kusema kwamba haioni diski. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaizima tena, nikaiwasha tena. Nadhani nalifanya hivyo mara ishirini, na kila mara mlio ule ukasikika, tik, tik, tik.

Wala msidhani kwamba sikuwa na nakala. Nalikuwa nazo mbili, na moyo wangu ulitulia kwa ajili yake. Ya kwanza ilikuwa katika folda niliyoiita “Akiba”, nayo ilikuwa ndani ya diski ile ile iliyokufa. Ni kama mtu aandikaye ufunguo wa pili wa nyumba yake, kisha akaufungia ndani. Ya pili ilikuwa katika flashi niliyoinunua mnadani, iliyoandikwa kwamba yabeba gigabaiti 256, kwa bei ndogo mno. Nalinakili humo vitu vyote, nikaona majina ya faili yamepangwa vizuri, nikaiweka katika kabati. Sikufungua hata faili moja kuitazama. Siku ya shida nikaichomeka katika kompyuta ya mwenzangu: majina yote yalikuwapo, lakini faili nyingi hazikufunguka, na zile chache zilizofunguka zilikuwa za zamani, nilizoziweka kwanza.

Nikachukua sanduku langu, nikapanda basi, nikaenda kwa fundi mmoja Dodoma mjini. Ni kijana mpole, mwenye kusema polepole. Aliisikiliza diski kwa muda mfupi, akaizima upesi. Kisha akatoa sandukuni mwake diski nyingine iliyokufa zamani, akaifungua mbele yangu ili nione. Ndani yake mna sahani zing’aazo kama kioo. Katika diski kama ile yangu sahani hizo huzunguka mara 7200 kwa dakika moja, na kichwa kidogo huelea juu yake kwa nguvu ya upepo wa mzunguko huo, kikisoma na kuandika bila kuzigusa. Mwanya ulio kati ya kichwa na sahani ni mdogo kuliko chembe ya moshi. Unywele mmoja wa mtu ni mnene kuliko mwanya ule mara elfu kumi na zaidi. Kichwa kikiharibika, au kikigusa sahani, hukwaruza, na palipokwaruzwa maandiko hayapo tena.

Akaniambia, “Mwalimu, mlio ule ndio kilio cha diski. Ungaliizima siku ulipousikia kwanza, ukaniletea, labda tungalitoa karibu vyote. Lakini kila ulipoiwasha, kichwa kilipita tena juu ya jeraha.” Akasema wako watu wenye vyumba visivyo na vumbi hata kidogo, wawezao kuzifungua diski za namna hii na kujaribu, lakini gharama yake ingalishinda mishahara yangu ya miezi mingi, na katika hali ile hakuona tumaini kubwa. Akaitazama na flashi yangu. Akanieleza kwamba ni ya uongo: ndani yake mna nafasi ndogo tu, lakini imefundishwa kuiambia kompyuta kwamba ina nafasi kubwa. Mtu huandika, nayo hupokea bila kulalamika, na yale yanayozidi hutupwa au hufuta mengine. Hakutaka kunitoza fedha. Nikarudi na sanduku langu.

Sasa nieleze mwisho wa hasara hiyo. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa karibu, na alama za wanafunzi zilikuwa zimepotea. Mama akaleta madaftari yake, manne, yaliyofungwa kwa kitambaa. Hakunikumbusha maneno yangu. Alisema tu, “Kaa, mwanangu, mimi nitasoma nawe uandike.” Masomo aliyofundisha yeye yalirudi yote kamili. Ya walimu wengine twaliyatafuta katika karatasi za mitihani, katika ripoti walizokuwa nazo wazazi majumbani, na katika simu za walimu. Kazi hiyo ilituchukua majuma matatu, na baadhi ya alama hazikupatikana kamwe.

Na zile sauti sita? Moja ilirudi. Dada yangu akaaye Morogoro aliniomba zamani nimpelekee zeze la baba, nami nalimpelekea kwa simu, nikasahau. Alikuwa ameitunza. Basi zeze la baba tunalo, na mwishoni mwake anasikika akikohoa na kusema, “Yatosha sasa.” Habari za Mtunya hazikurudi. Wazee wa ukoo wetu, mimi nawakumbuka saba. Baba alitaja kumi na mmoja.

Baadaye naliposoma zaidi habari za mambo haya, nalijua kwamba wakubwa nao wamefikwa. Mwaka 1998 huko Marekani, watu wa Pixar, watengenezao sinema za katuni, walikuwa katika kazi ya sinema yao iitwayo Toy Story 2. Mtu mmoja alitoa amri ya kufuta mahali pasipofaa, na sehemu kubwa ya kazi ile ikatoweka mbele ya macho yao. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta hazifai, maana zilikuwa zimeharibika kwa muda bila mtu kuzijaribu. Kilichowaokoa ni mwanamke mmoja wa kazi ile, Galyn Susman, ambaye alikuwa amejifungua mtoto, naye alikuwa na nakala nyumbani kwake ili afanyie kazi huko. Kompyuta yake ikaletwa kwa gari, imefungwa katika mablanketi. Niliposoma habari hiyo nalimkumbuka dada yangu. Watu wale walikuwa na mafundi na fedha nyingi, nami nalikuwa na flashi ya mnadani, lakini kosa letu lilikuwa moja: hatukujaribu. Na wokovu wetu ulikuwa mmoja: kitu kilikuwa kimekaa katika nyumba nyingine, wala si kwa akili yetu.

Kwa hiyo, neno langu kubwa ni hili. Kila chombo kitakufa, nasi hatujui siku. Akiba ya kweli ni nakala iliyo mbali na ya kwanza, na ambayo umeifungua kwa mkono wako ukaona kwamba yasomeka. Nakala usiyoijaribu ni tumaini tu.

Wenye ujuzi wana kanuni nyepesi kuishika, iliyoenezwa na mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh. Husema: tatu, mbili, moja. Maana yake, kila kitu cha thamani kiwe katika nakala tatu, pamoja na ile unayoitumia. Nakala hizo ziwe katika vyombo vya namna mbili, ili ugonjwa wa namna moja usiziue zote. Na moja ikae mahali pengine, mbali na nyumba ile, kwa sababu moto, mwizi na mafuriko havichagui. Kwa mtu wa kijijini kanuni hii yawezekana. Nakala ya kwanza i katika kompyuta. Ya pili i katika diski ya nje. Ya tatu yaweza kuwekwa katika hifadhi ya mtandao, kama mtandao wapatikana. Na kama haupatikani, basi katika diski nyingine kwa ndugu katika kijiji cha pili, nawe ukambadilishia kila mwezi unapomtembelea. Na yale machache yaliyo ya lazima kabisa, kama orodha ya majina na alama, yapigwe chapa katika karatasi. Karatasi haihitaji umeme.

Yako mambo mawili ambayo watu huyachukua kuwa akiba, nayo siyo. La kwanza ni ile kawaida ya simu na kompyuta kufananisha vitu vyao kwa njia ya mtandao. Hiyo ni nzuri, lakini ukifuta huku, mara nyingi na kule hufutika, maana kazi yake ni kufananisha. Jueni kwanza kama huduma yenu yatunza vilivyofutwa, na kwa siku ngapi. La pili ni diski ya nje iliyoachwa imechomekwa mchana na usiku. Mwezi wa Mei mwaka 2017 palitokea programu mbaya iitwayo WannaCry, iliyoenea katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache. Ilizifunga faili za watu kwa ufunguo wa siri, ikadai fedha ili izifungue, na hata hospitali nyingi za Uingereza zilitatizika. Programu za namna hiyo hufunga kila zinachokiona, pamoja na diski iliyochomekwa. Kwa hiyo nakili, kisha chomoa, kisha weka kabatini.

Sasa niseme kidogo habari za kununua vyombo, maana wengi huniuliza ni diski gani isiyokufa. Hakuna. Kampuni moja ya Marekani iitwayo Backblaze, yenye diski zaidi ya laki mbili, hutangaza hesabu za zile zinazokufa, nayo imefanya hivyo tangu mwaka 2013. Katika mwaka 2023 zilikufa kama 1.7 katika kila 100, nazo zilikaa katika nyumba safi, penye baridi na umeme mzuri. Vyetu hukaa katika joto na vumbi. Iko aina nyingine ya diski, iitwayo SSD, isiyo na sahani wala kitu cha kuzunguka. Huandika ndani ya vipande vidogo vya elektroniki. Ni nyepesi, ni ya haraka sana, wala haiumii upesi ikitikiswa, na kwa kompyuta ya kubebwa katika basi naisifu. Lakini nayo hufa, na mara nyingi hufa ghafula bila mlio wa kuonya. Tena haifai kuachwa miaka mingi kabatini bila umeme, maana maandiko yake yaweza kufifia.

Ukinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, na wengi wetu hununua hizo, usitazame urembo wake. Chagua ile ambayo vipuri vyake vyapatikana mjini na ambayo fundi aweza kuifungua bila kuivunja. Iwashe dukani, uiache saa nzima. Sikiliza feni, gusa upande wake kama unaunguza, bonyeza kila herufi, chomeka kitu katika kila tundu. Mwambie muuzaji akuonyeshe habari ya afya ya diski, maana diski zenyewe huandika makosa yao, na iko programu ya kuyasoma. Na flashi au diski uliyoinunua, kabla ya kuiamini, ijaze mpaka mwisho kwa faili za kujaribia, kisha uzifungue zile za kwanza, za katikati na za mwisho. Ikiwa ni ya uongo, itajulikana siku hiyo, wala si siku ya msiba.

Vumbi na umeme ndio adui wawili wakubwa huku kwetu. Usiweke kompyuta sakafuni, kama nilivyoweka mimi. Kila baada ya miezi mitatu izime, ichomoe, uifungue, uondoe vumbi kwa brashi laini na kwa kupuliza hewa kavu, ukiishika feni isizunguke. Kwa habari ya umeme, utaratibu wetu ni volti 230, lakini mara nyingi hushuka na kupanda, na pigo baya ni lile la umeme unaporudi baada ya kukatika. Kama shule au ushirika waweza, ununue kile kifaa cha betri kiitwacho UPS, ambacho hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa taratibu. Kama hamwezi, basi umeme ukikatika chomoa waya ukutani, ungoje utulie. Na radi ikisikika, chomoa vyote, pamoja na waya wa mtandao.

La mwisho ni jinsi ya kutafuta ugonjwa wa chombo kabla ya kukimbilia mjini. Mwaka juzi kompyuta mpya ya shule ilianza kukataa kufungua kurasa za mtandao, ikisema si salama, na kila ilipowashwa tarehe yake ilirudi nyuma miaka mingi. Mtu mmoja alituambia kwamba imekufa, tununue nyingine. Nikakumbuka kwamba ndani yake mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, itunzayo saa wakati umeme haupo. Betri ile ikiisha, kompyuta husahau mwaka, na kurasa za mtandao zikiona mwaka usiolingana huikataa. Nikanunua nyingine ya namba ile ile, CR2032, kwa fedha ndogo tu, nikaitia. Kompyuta ile twaitumia hata leo.

Njia yenyewe si ya uganga. Kwanza uliza, “Ni nini kilichobadilika tangu jana?” Andika katika karatasi maneno yote yaliyotokea katika kioo, kama yalivyo. Kisha anza na yaliyo mepesi: je, swichi ya ukutani imewashwa? Waya umeingia sawasawa? Ukiazima waya wa kompyuta nyingine, hali yabadilika? Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, ujaribu, ndipo ubadilishe cha pili. Ukibadilisha vitatu pamoja, hata ikipona hutajua dawa ni ipi. Ikipiga milio bila kuonyesha kitu, izime, ichomoe, gusa chuma ili kuondoa umeme wa mwilini, utoe vibao vya ramu, uvifute kwa kitambaa kikavu safi, uvirudishe. Mara nyingi huamka. Ikizimika yenyewe baada ya muda, tazama feni na vumbi. Lakini diski ikigonga, tik, tik, tik, au ukifuta kitu kwa bahati mbaya, hapo sheria ni nyingine: acha mara moja. Usijaribu, usiwashe tena, usiandike neno juu yake. Zima, upeleke kwa ajuaye. Katika mambo mengine yote subira ni nzuri. Katika hilo, subira na mikono mitulivu ndiyo dawa pekee.

Wasomaji wenzangu, siku hizi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mimi na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu hunakili kazi ya shule katika diski mbili. Kisha mmoja wao huchagua faili tano bila mimi kuziona, huzifungua kutoka katika nakala, na kuandika katika daftari la wino: tarehe, jina lake, na neno “zimesomeka”. Diski moja hubaki kabatini. Ya pili huenda nyumbani kwa Mama, ambaye amekwisha kustaafu, naye huiweka katika kasha lake pamoja na yale madaftari manne.

Na sauti ya zeze sasa i katika nyumba tano. Majuzi nalikwenda kwa shangazi yangu, dada yake baba aliyebaki, nikachukua simu. Umri umemlemea, lakini amewakumbuka wazee wawili zaidi, na sasa tunao tisa. Kabla ya kuondoka uani kwake, naliwapelekea maneno yake ndugu wanne, nikangoja hata kila mmoja aliponijibu kwamba ameyasikia.